Hodi Mlangoni Pake

Siku hizi kesi za mauaji huamuliwa na mtaa mzima kwa kura za simu, na mshtakiwa akiachiwa, huhamia mwaka mzima kwa mmoja wa waliomtetea. Sekela alibonyeza "hana hatia" huku akikoroga uji, kisha akabishana na kila aliyemlilia marehemu. "Kwani mtu kujilinda nyumbani kwake ni kosa?" Mshtakiwa, Gidion, alikuwa amemchoma kisu jirani aliyekuja kurudisha sufuria. Alidai hakusikia hodi.

Gidion aliachiwa, na kura ya kumpokea ikamwangukia Sekela. Gidion ni mpole, hata vyombo huosha. Ila kutwa hukalia kiti kinachotazama mlango, na kisu cha jikoni hakionekani tena. Watoto wamezoea kubisha hodi kwao wenyewe.

Leo mchana Sekela alirudi kutoka sokoni na kapu la nyanya.

"Hodi."

Akabisha tena.

"Hodi, kaka Gidion. Ni mimi, mwenye nyumba."

Ndani kiti kikakwaruza sakafu. Ng'ambo ya njia, mjane wa yule jirani aliacha kuanika nguo, akamtazama.

"Paza sauti, dada," alisema taratibu. "Mume wangu aliita mara tatu."