Mtoto Asirudi Nyumbani

Msichana alikuwa amelishikilia shati la baba yake wa kambo kwa mikono miwili, na mwalimu wa ushauri alikuwa akimbandua kidole kimoja kimoja.

"Baba, usiniache!"

Baba huyo, fundi mwashi mwenye saruji kavu kwenye kucha, alisimama katikati ya ofisi ya mwalimu mkuu kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. "Mwalimu, haki ya Mungu, huyu mtoto sijawahi kumgusa hata kwa kofi."

"Wote husema hivyo," mwalimu wa ushauri akajibu.

Hakuwa mkatili. Alikuwa mtu wa kuwafuta watoto makamasi kwa leso yake mwenyewe, na huyu alimpenda kuliko wengine, ingawa mwalimu hatakiwi kupendelea. Mafunzoni alikuwa ameambiwa kwamba mtoto anaweza kumng'ang'ania hata yule anayemuumiza.

Na dalili zilikuwa wazi. Mtoto wa darasa la tano, mwenye mdomo kama cherehani, tangu muhula uliopita alikuwa amenyamaza kimya. Alisinzia darasani. Akiguswa bega, aliruka. Mama yake alifariki mwaka jana, na nyumbani walibaki wawili tu, yeye na mwanamume asiyemzaa. Hapo nani angehitaji kupiga ramli?

"Mimi nilidhani ni masomo," fundi alisema. "Tangu aanze tuisheni ya hesabu, hali vizuri, halali vizuri. Nikasema labda hesabu zinamchosha. Nilitaka nimwachishe."

"Umwachishe!" Mwalimu wa ushauri alicheka kwa uchungu. Nafasi ile aliitafuta yeye mwenyewe. Ni yeye aliyembembeleza mwalimu wa hesabu amfundishe yatima huyu bure, jioni, wenzake wakishaondoka. "Yaani ulitaka ukae naye ndani kutwa nzima, siyo?" Akamgeukia mwalimu mkuu. "Si unaona mwenyewe? Kikulacho ki nguoni mwako."

Mwalimu mkuu alikuna kipara chake, akatazama dirishani. Utaratibu wa shule aliujua, maana aliutunga mwenyewe na akausifia kwenye kila kikao cha wazazi. Mtoto anayeshukiwa kuteswa nyumbani harudi huko. Hulala kwa mwalimu wa ushauri mpaka maofisa wa ustawi wa jamii waje.

"Mchukue," alisema hatimaye. "Tusije tukajuta."

Fundi hakugombana na mtu. Alichuchumaa, akamfunga binti yake kamba ya kiatu iliyolegea, akampapasa kichwa, kisha akatoka akilia bila kuficha uso. Inauma kumwona mtu mzima akilia hivyo, na mwalimu wa ushauri aliumia kweli. Lakini alijiambia kuwa machozi si ushahidi.

Walikatiza uwanja wa mpira kuelekea nyumba za walimu, wameshikana mikono, mwalimu akimbebea mkoba. Alimsemesha njia nzima. Alimwambia kuhusu shuka mpya, kuhusu paka aliyezaa jikoni, kuhusu kitanda kilicho karibu na dirisha. Hatua za msichana zilizidi kuwa fupi, na karibu na mlango akagoma kabisa.

Mwalimu akapiga magoti mchangani ili macho yao yawe sawa. Yeye hakujaliwa mtoto, na alikuwa ameshaanza kumwita huyu "binti yangu", moyoni, bila kumwambia mtu.

"Mwanangu, nisikilize. Kosa si lako. Nitajie tu ni nani, hata kwa kuninong'oneza. Ukishamtaja, nakuapia, hutakaa naye chini ya paa moja tena."

Msichana akavuta pumzi kama anayetaka kusema, na mwalimu akasogeza sikio.

Mlango ukafunguka. Mwalimu wa hesabu akachungulia, kandambili miguuni, taulo begani.

"Mke wangu, mbona mmesimama nje? Mlete mtoto ndani, chai iko tayari."

Msichana akamtazama yule mwanamume. Kisha akamkumbatia mwalimu wake shingoni, kwa nguvu, kama anayempa pole ya msiba.

"Na wewe, mwalimu," akanong'ona, "nikimtaja, utahamia wapi?"