Robo ya Mkono wa Hatibu

Mkono wa kaka yangu Hatibu ulikuwa umeshawekwa sandukuni, na karani wa wakili yuko mlangoni anaondoka nao, ndipo shemeji, mkewe, akakumbuka kwamba harusi ya binti yao Mwanamkasi ni Ijumaa.

Hatibu alikatwa mkono wa kulia na mashine ya mkonge. Siku hizi mahakama haimlipi majeruhi pesa, inamlipa kiungo kipya. Wakili alimwambia, "Tukishindwa hunipi kitu. Tukishinda, robo yangu." Hatibu akatia dole la kushoto bila kuuliza robo ya mkono hutolewaje. Kumbe wakili huuchukua wiki moja katika kila wiki nne.

"Niachie mpaka Ijumaa, mwanangu," Hatibu alimwambia karani. "Nitamshika mkwe kwa mkono gani nimwoze Mwanamkasi?"

"Umeshakodishwa, mzee."

"Kwa nani?"

Karani akatazama karatasi yake. "Kiwanda cha mkonge. Mashine ya tatu."

"Si ndiyo iliyokula ule wa kwanza?" shemeji akauliza. "Basi utusalimie."

Karani akafunga sanduku akaenda.

Ijumaa nilimwoza Mwanamkasi mimi, kwa idhini ya baba yake, naye akakaa kando, mkono mmoja wa kanzu umelala mtupu mapajani. Mkono wenyewe ulirudi Jumatatu, hauna kidole cha shahada. Wakili amefungua kesi ya kidole kwa masharti yaleyale, na Hatibu ametia dole tena. Mwanamkasi anaishi Muheza na mumewe. Mimi niliondoka kwao Jumatano, mikono yote miwili mifukoni.