Nukta Nyekundu

Alfajiri, kabla hakujapambazuka, Mbaruku aliketi uani na kompyuta mapajani, akaifungua picha ya kwanza ya kamera mpya. Ilikuwa kamera ya kupigia picha za nyota tu, imefungwa nyuma ya darubini, ina feni yake na kipoza joto, na ubavu wake ulikuwa baridi kama barafu. Wingu la nyota alilolipiga picha miaka yote lilitokea safi, bila chembe ya uchafu.

Nukta nyekundu haikuwapo.

Akaiweka picha ya zamani kando yake. Humo nukta iling'aa pale pale, ukingoni mwa wingu, mkewe alipoiona wiki waliyomzika binti yao. "Ndiye huyu Sada," alisema siku ile, na tangu hapo hakuna picha aliyoipita bila kuigusa nukta hiyo kwa kidole.

Haikuwa nyota. Kamera ya zamani ilikuwa ikichemka, na joto lake ndilo lililochoma alama ile katika kila picha.

Mkewe akatoka ndani, kanga begani, akaketi karibu naye.

"Baba Sada, ametokea? Si ulisema hii inaona mbali zaidi?"

Mbaruku akakifunika kioo cha kompyuta kwa kiganja.

"Bado, Mama Sada. Ngoja kidogo."

Akakizima kipoza joto. Feni ikapunguza mwendo, ikanyamaza. Mkewe akasogea, akangoja. Mbaruku akaikumbatia kamera kwa viganja viwili, kama mtu anayepasha joto vidole vya mtoto.