Mhitimu Mmoja Tu

"Tabasamu la nne," mshauri aliamuru. "Hilo la tatu ni la mtu anayeomba lifti."

Binti akatabasamu upya mbele ya kioo. Mashavu yalikuwa yakimuuma tangu asubuhi.

Chuoni pale mshauri huyu wa ajira aliitwa Bwana Chapa, maana kila mhitimu aliyeingia ofisini kwake aliambiwa hana kazi kwa sababu hana chapa. Kwa miaka mitatu alikuwa amewapiga wahitimu picha wakiwa wamekunja mikono na kutazama mbali. Wote walikuwa bado wanatazama mbali. Mkuu wa chuo akachoka: mwezi huu ukiisha bila mhitimu hata mmoja kuajiriwa, Bwana Chapa afungashe virago. Zilibaki siku mbili, na maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Akashika wasifu wa binti, kalamu nyekundu mkononi.

"Umeandika ulikuwa unatoa fotokopi kwenye duka la shangazi yako. Andika: mtaalamu wa usambazaji wa maarifa."

"Sawa, Mwalimu."

"Na hili la kuwaandikia watu barua za kuomba kazi?"

"Walikuwa wanakuja dukani wamekwama. Nawauliza wanajua kufanya nini, naandika hivyo hivyo. Kumi na mmoja walipata."

"Linakushusha hadhi." Akalikata kwa mistari miwili.

"Ila Mwalimu, tangazo lenyewe la kazi linasema wanatafuta mtu wa..."

"Usiniambie!" Alinyanyua kiganja. "Mwenye chapa haulizi kazi ni ipi."

"Hata jina la mwajiri hawajaweka. Kuna sanduku la posta tu, na ujumbe wa simu kwamba usaili ni kesho."

"Bora zaidi! Wewe kesho nenda ukawamalize."

Akamwandikia na barua ya kumpendekeza, kwa kazi yoyote ile, kwa mwajiri yeyote yule, akaigonga muhuri mara mbili.

Siku ya mwisho ya mwezi Bwana Chapa hakula. Alikaa akiikodolea macho simu. Saa tisa alasiri ikalia.

"Mwalimu, nimepata! Tabasamu nilisahau kabisa, nisamehe. Waliniuliza nimewahi kumsaidia nani, nikawasimulia zile barua za dukani. Naanza Jumatatu! Halafu Mwalimu, hutaamini, kazi yenyewe ni..."

Bwana Chapa alikuwa ameshaitupa simu. Alipanda ngazi mbili mbili, machozi ya furaha yakimtiririka, akamsukuma karani mlangoni na kuingia kwa mkuu wa chuo bila hodi.

"Mkuu, amepatikana! Mhitimu wangu ameajiriwa leo hii!"

Mkuu hakuinua uso. Alikuwa akimalizia kutia saini karatasi.

"Huyo simhesabu," alisema. "Nimemwajiri mimi. Jumatatu saa mbili asubuhi kiti chako kiwe wazi."