Hoja Isiyopingwa

Jambo ambalo Dakta Cleophas hakulitambua, licha ya miaka yote aliyofundisha falsafa ya maadili chuo kikuu, ni kwamba watu wa nyumbani kwao wote waliacha kumbishia siku ileile moja.

Alikuwa amerudi Sumbawanga likizo ili alipumzishe tumbo lililomsumbua tangu Kwaresima, na aandae hotuba. Parokia ilikuwa imemwalika kwenye mdahalo: je, sheria imruhusu mgonjwa asiyetarajiwa kupona asaidiwe kufa? Yeye angetetea upande wa ndiyo. Akaamua kuionjesha hotuba nyumbani kwanza, kama mpishi aonjavyo mchuzi kabla ya wageni kufika.

Wiki ya kwanza mchuzi haukupata sifa. Dada yake Bertilla, mwalimu wa shule ya msingi ambaye kwa kupenda ubishi aliwahi kumkosoa hata tarehe yake ya kuzaliwa, alimsikiliza huku akipepeta ulezi.

"Kaka, hapa kwetu mwenye saratani anakosa hata dawa ya kutuliza maumivu. Ya kumtuliza haipo, ya kumuua ndiyo iletwe?"

"Hayo ni masuala mawili tofauti, Bertilla."

"Kwako wewe unayeyaandika. Kwa anayeumwa ni moja."

Jirani yao Maganga, mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani, hakuwa na huruma zaidi. "Dokta, sisi ng'ombe akivunjika mguu tunamchinja. Lakini tunamla! Nyie mkishamsaidia mtu wenu, mtamfanyaje?"

Mzee Felisiani, baba yao, katekista mstaafu, alicheka mpaka kikohozi kikambana.

Jumatatu iliyofuata majibu ya vipimo vya tumbo alivyofanyiwa hospitali yalikuwa tayari. Cleophas alikuwa amezama katika aya ya haki ya mgonjwa kujiamulia mambo yake, hivyo akamtuma Bertilla akamsikilize daktari kwa niaba yake. Bertilla alirudi na habari kwamba ni vidonda vya tumbo, aache pilipili. Cleophas alishukuru bila kuinua kichwa, kwa kuwa aya ilikuwa inakaribia kukaa sawa.

Na kweli ilikaa sawa. Jioni hiyo aliisoma mbele ya wote, na Bertilla akasema tu, "Huenda ni kweli, kaka. Kula kwanza."

Kesho yake Maganga alileta kibuyu cha maziwa mgando. "Wewe sema, Dokta. Sisi tunasikia." Paroko naye alipita, akaisikiliza hotuba yote iliyopingana na mafundisho yake, kisha akaomba tu kuibariki nyumba. Shangazi Emerensiana alipanda kutoka Kirando na samaki wa ziwani, migebuka waliokaushwa. Binamu akaja kutoka Mtowisa na gunia la mchele. Cleophas hakuona ajabu. Alijiambia, kwa unyenyekevu aliodhani anao, kwamba sifa za aya ile zimeteremka milima pande zote mbili, hadi ziwa Tanganyika na ziwa Rukwa.

Hata hivyo, msomi haachi kuchunguza. Aliona mazungumzo yakikatika kila alipoingia sebuleni. Aliona shangazi akifuta macho na kusingizia moshi, ilhali jiko lilikuwa la mkaa uliokwisha kukolea. Aliona baba yake amekonda, anausukuma ugali kando ya sahani.

Akayaunganisha, na jibu likamchoma. Kumbe hawakuja kwa ajili ya hotuba. Mzee Felisiani alikuwa na ugonjwa usiopona, ukoo mzima ulijua, na mzee mwenyewe hajaambiwa.

Cleophas hakula siku hiyo. Alimpenda baba yake kuliko alivyowahi kumweleza, na sasa muda wa kueleza ulikuwa unaibwa na watu wenye nia njema.

Alhamisi mchana, wote wakiwa wamekaa baada ya chakula, alisimama. Aliona ni ukatili kumtaja mzee kwa jina, basi akazungumza kwa ujumla.

"Kabla hatujabishana kama mgonjwa asaidiwe kufa," alisema, "kuna jambo la kutangulia. Aambiwe ukweli. Aliyefichwa hana la kuchagua. Anayemficha mgonjwa hali yake anamwibia siku zake."

Bertilla aliinamisha kichwa. Mzee Felisiani ndiye aliyejibu.

"Hata kama wanaomficha wanampenda?"

"Hasa hao, baba."

"Na kama ukoo umekaa, ukakubaliana?"

"Ukoo hauumwi. Anaumwa yeye."

"Akivunjika moyo je, mwanangu?"

"Moyo ni wake. Tusimchagulie."

Alimwendea baba yake, akapiga magoti, akaishika mikono yake. Cleophas akaona fahari ndogo ya kuwa mtu pekee chumbani mwenye ujasiri wa kuishika.

"Huo ndio msimamo wako?" mzee aliuliza. "Hata Jumamosi, mbele ya watu, utausimamia?"

"Mbele ya yeyote, baba."

Mzee Felisiani aliwatazama mmoja mmoja: shangazi, binamu, Maganga aliyekuwa mlangoni. Alingoja apatikane wa kupinga. Hakupatikana.

"Basi ametushinda," alisema. "Bertilla, mwambie kaka yako ulichoambiwa hospitali."

Jumamosi, kwenye mdahalo, Cleophas aliketi miongoni mwa wasikilizaji, na alipopewa nafasi aliuliza swali: dawa ya kutuliza maumivu inapatikana wapi?