Herufi Ndani ya Kofia

Khole alikaa, akasimama, akakaa tena. Tangu apigiwe simu kwamba mumewe kawekwa ndani kwa kupigana na dereva mwenziwe pale Wattaya, roho haikumtulia. Katoka nyumbani kwake Sib mbio mbio, kufika kituoni ndipo anagundua buibui kalivaa kinyume.

Askari akamwita. Alipoisikia lafudhi yake, akaacha Kiarabu, akasema naye Kiswahili.

"Unamdhamini wewe, mama?"

"Nnamdhamini mimi."

"Basi acha kitambulisho, utie saini hapa. Akiitwa asije, tutakuuliza wewe."

Khole akaweka kitambulisho mezani, akashika kalamu. Askari akamtolea vitu vya mumewe avichukue: saa, funguo na kofia.

Kalamu ikasimama.

Miaka ishirini na mbili mwanamume yule hakuvaa kofia ila iliyoshonwa na Khole, na ndani ya kila moja, penye ukingo, Khole hutia herufi moja ya uzi: kha, ya jina lake mwenyewe.

Akaigeuza hii. Vitundu vyake vilikuwa vidogo, vimezungushwa taratibu, kwa mkono usiokuwa na haraka. Penye ukingo palikuwa na herufi ya ra.

"Kofia hii si ya mume wangu," akasema.

Askari akatazama orodha yake. "Ndiyo aliyokuja nayo kichwani, mama."

Khole akachukua kitambulisho chake, akakitia mkobani.

"Basi mngojeni aliyeishona. Atatia saini yeye."