Umeme Umepanda

Mke wa fundi saa alianguka gizani juu ya ndoo saa moja na robo jioni, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na jino moja likatoka.

Mumewe alimfikia upesi. Alipiga magoti kwenye maji yaliyomwagika, akampapasa uso kwa vidole, paji la uso, pua, mdomo, mpaka akaigusa damu.

"Si nilisema ndoo ikae mahali pake?" alisema.

Miaka thelathini na moja ya ndoa, na neno lililomtoka ni ndoo. Mke alilala pale sakafuni akahisi kitu kimekatika, na hakikuwa jino.

Giza hilo halikuja kwa siku moja. Umeme ulikuwa umepanda kweli, na mtaa mzima ulilia. Majirani wakapunguza kupiga pasi, wakaishia hapo. Fundi saa alianza na pasi akaendelea. Aliuza friji. Birika la umeme alilifunga kamba lisiguswe. Televisheni alimpa kinyozi wa jirani, akasema redio inatosha, habari ni zile zile. Kisha akageukia taa. Ya sebuleni, ya jikoni, ya ukumbini, ya chooni, kwa miezi minane hakubakiza hata moja.

"Umeme umepanda, mama," alisema kila mara. Na ungembishia vipi? Kibanda chake cha saa alikifunga mwaka jana. Nani anatengeneza saa siku hizi, alisema, watu wanatazama simu.

Mwanzoni mke alilifanya jambo la mzaha. Aliwaambia wenzake kwenye kiwanda cha nguo kwamba siku hizi yeye na mumewe wanapapasana kama maharusi. Wakacheka naye. Lakini tokeni ya wiki ilipoanza kukaa mwezi mzima, alidhani wameshinda.

"Basi turudishe taa moja," aliomba. "Ya sebuleni tu."

"Haba na haba, mama."

"Kibaba si kimejaa, baba?"

Fundi saa aliongeza sheria. Kila kitu mahali pake: kiberiti rafuni upande wa kushoto, ndoo nyuma ya mlango, kigoda chini ya meza. Mtu akijua kitu kilipo, taa ya kazi gani? Mishumaa aliikataa, alisema itawachomea nyumba. Tokeni alitaka mke ndiye azibonyeze, tena amsomee kwa sauti uniti zilizobaki, ili auonje uchungu. Yeye mwenyewe alitembea gizani kama paka, hagongi kitu. Mke alipogonga goti kwenye meza, alimsikia mumewe akiguna kutoka kitini kwake. Siku hizo alimchukia.

"Mumeo ana mkono wa birika," dada yake alimwambia kwenye simu, siku moja baada ya lile jino. "Na ubahili hauna dawa. Utamweza huyo? Njoo ukae kwangu."

"Nimwache mzee peke yake?"

"Hayuko peke yake. Ana uniti zake."

Mke alicheka, mdomo ukamuuma, halafu akalia. Wakakubaliana Alhamisi, saa moja na nusu jioni, dada aje na gari.

Alhamisi alipotoka kazini alinunua balbu, ile kubwa kuliko zote dukani. Hakutaka kuondoka kama mwizi. Alitaka mumewe amwone, uso kwa uso, mdomo umevimba na begi mkononi, ili asije akasema baadaye kwamba hakujua. Mzee alipoingia kuoga, alikisogeza kigoda katikati ya chumba cha kulala, akapanda, akaifunga balbu, akabonyeza swichi.

Mwanga ulimuumiza macho. Alikuwa hajakiona chumba chake vizuri tangu lini? Utando wa buibui kwenye kona. Shuka limechakaa. Na ukutani, usawa wa kiuno, mstari mrefu mweusi wa alama za viganja, kutoka mlangoni hadi kitandani. Tumeishi kama popo, aliwaza, na hasira ikampanda upya. Akachukua begi, akasimama karibu na kabati, akasubiri.

Alikuwa ameyapanga maneno. Nakwenda, baba. Kaa na akiba yako. Aliyarudia kimoyomoyo asije akalegea.

Mlango wa bafuni ulilia. Hatua zikaja, zile hatua zake za uhakika. Fundi saa akaingia, taulo shingoni, macho wazi, akaenda moja kwa moja mpaka muundi wa mguu ukagonga kigoda.

"Mama," alisema kwa upole, akiusugua mguu, "kigoda kina mahali pake."

Akanyoosha mkono, akautafuta ukingo wa kitanda, akaketi. Balbu ilikuwa inammulika usoni. Hakupepesa. Alitabasamu kidogo, akiuelekea mlango ambapo hapakuwa na mtu.

"Najua giza limekuchosha," alisema. "Vumilia kidogo. Mwezi ujao nitakurudishia taa moja humu ndani, nakuahidi."

Nje gari likapiga honi. Fundi saa akainua kichwa, akasikiliza.

"Mama? Upo?"

Mke aliliweka begi sakafuni polepole, lisitoe sauti.

"Nipo," alisema. "Giza tu, hunioni."